Kuhamisha Linux hadi Diski Kubwa Zaidi

Kila diski ya kompyuta ina siku yake ya kujaa. Chukua mfano wa kompyuta kuu ya maabara katika shule ya sekondari, ambayo kwa miaka kadhaa imehifadhi alama za mitihani, orodha za wanafunzi, kazi za miradi na maandalio ya masomo. Diski yake ina ukubwa wa gigabaiti 160, kiasi ambacho siku ya kununuliwa kilionekana kuwa hakitakwisha. Mwishoni mwa muhula mwalimu anajaribu kuhifadhi alama za kidato kizima, na kiwambo kinamjibu kwamba nafasi imekwisha.

Shule inapata diski mpya ya terabaiti 1. Hapo ndipo swali linapozuka: vitu vyote vilivyomo katika diski ya zamani, pamoja na mfumo wa Linux wenyewe, vitahamaje? Mtu mmoja atashauri kwamba Linux iwekwe upya tangu mwanzo. Ushauri huo haukosi maana, lakini utawalazimu walimu kupanga tena watumiaji, nywila, mashine za kuchapia na mtandao. Mwingine atasema kwamba faili zote zinakiliwe kama barua zinavyonakiliwa kwenye flashi. Huyu naye amekaribia ukweli, ila hajaufikia. Makala haya yanaeleza kwa nini kunakili si sawa na kuhamisha, na jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa bila kupoteza hata alama moja ya mwanafunzi.

DISKI NA UKUBWA WAKE

Diski kuu ya kwanza kuuzwa ilikuwa sehemu ya mtambo wa IBM uliojulikana kwa jina la RAMAC, uliotolewa mwaka 1956 nchini Marekani. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 61, na uzito wake ulikaribia tani moja. Pamoja na ukubwa huo wote, iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Ikiwa kila herufi itachukua baiti moja, diski mpya ya terabaiti 1, ambayo hushikika kwa kiganja kimoja, inaweza kubeba shehena ya mitambo 200,000 ya aina hiyo.

Watu wengi hushangaa wanapoifunga diski mpya na kuona kwamba kompyuta inaitaja kwa namba ndogo kuliko ile iliyoandikwa kwenye ganda lake. Hapana udanganyifu hapo. Mtengenezaji huhesabu terabaiti 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000. Programu nyingi za kompyuta huhesabu kwa vipeo vya 2, na kwao gigabaiti moja ni baiti 1,073,741,824. Mwanafunzi akigawanya namba ya kwanza kwa namba ya pili atapata takriban 931. Diski ni ile ile. Kipimo ndicho kilichobadilika.

LINUX NI MKUSANYIKO WA FAILI

Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alianza kuandika kiini cha mfumo wa uendeshaji na kukitoa kwa watu wote wakitumie na kukirekebisha. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983, na hivyo ukapatikana mfumo kamili. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya simu zote zitumiazo Android, na pia ndani ya mitambo mikubwa ya hesabu za kisayansi. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huru ya kazi za ofisini inayozungumza Kiswahili na kuweza kutumika katika Linux.

Linux ilifuata desturi za mfumo wa zamani zaidi uitwao Unix, uliobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Mojawapo ya desturi hizo ni kwamba karibu kila kitu huwekwa katika faili. Mipango ya mtandao ni faili za maandishi; orodha ya watumiaji ni faili; hata kiini chenyewe ni faili iliyomo katika saraka iitwayo /boot. Faili zote hutoka katika mzizi mmoja, ambao alama yake ni mkwaju, yaani /. Kwa sababu hiyo, anayehamisha faili zote za mzizi huo pamoja na sifa zake huwa amehamisha karibu mfumo wote. Neno la kuzingatiwa hapa ni “karibu”.

MAMBO MATATU YASIYOONEKANA

Kuna mambo matatu ambayo mtu hayaoni anapotazama majina ya faili kwenye kiwambo, nayo ndiyo huamua kama mfumo uliohamishwa utaamka au hautaamka.

Jambo la kwanza ni sifa za faili. Kila faili katika Linux ina mwenyewe, ina kundi, ina tarehe, na ina ruhusa zinazosema nani anaweza kuisoma, kuiandika au kuiendesha. Faili ya nywila za siri haipaswi kusomwa na kila mtu. Programu iitwayo sudo, ambayo humwezesha msimamizi kupata mamlaka ya mtumiaji mkuu, hukataa kabisa kufanya kazi ikiwa haimilikiwi na mtumiaji huyo au ikiwa imepoteza ruhusa yake maalumu. Flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT, ambao hauna mahali pa kuandika sifa hizo. Faili zikipitia humo, maneno yake hufika salama lakini wenyewe wake hupotea njiani.

Jambo la pili ni kitambulisho. Sehemu ya diski inapoandaliwa kupokea faili hupewa kitambulisho chake cha pekee kiitwacho UUID, chenye biti 128, ambacho huandikwa kwa tarakimu na herufi 32. Linux hutumia kitambulisho hicho kwa sababu majina mafupi kama sda na sdb hutegemea ni diski ipi iliyotambuliwa kwanza, na yanaweza kubadilishana kompyuta inapowashwa tena. Katika faili ya /etc/fstab mmeandikwa vitambulisho vya sehemu zote zinazopaswa kufunguliwa. Faili hiyo ikinakiliwa kama ilivyo, mfumo mpya utakuwa na anwani ya nyumba ya zamani.

Jambo la tatu ni njia ya kuamka. Kompyuta inapowashwa haijui lolote kuhusu Linux. Katika kompyuta za mtindo wa zamani, programu ya BIOS husoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512. Katika hizo, baiti 446 za mwanzo ni nafasi ya programu ndogo ya kuanzia, 64 ni jedwali la sehemu nne za diski, na 2 za mwisho ni alama ya uthibitisho. Sekta hii, iitwayo MBR, haimo ndani ya faili yoyote. Kwa hiyo anayenakili faili peke yake huiacha nyuma. Katika kompyuta mpya, mfumo wa UEFI hutafuta programu ya kuanzia ndani ya sehemu ndogo ya diski yenye mpangilio wa FAT, na huweka orodha ya programu hizo katika kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, nje ya diski.

NJIA MBILI ZA KUHAMA

Kutokana na maelezo hayo, zimepatikana njia mbili kuu za kuhamisha Linux.

Njia ya kwanza ni kunakili diski nzima, biti kwa biti, bila kujali kilichomo. Amri ya zamani iitwayo dd hufanya kazi hiyo. Huambiwa chanzo kwa herufi if, na mwisho wa safari kwa herufi of:

dd if=/dev/sda of=/dev/sdb bs=4M status=progress

Uzuri wa njia hii ni kwamba sifa, vitambulisho na sekta ya kwanza huhama vyote kwa pamoja. Kasoro zake nazo ni za kujulikana. Kwanza, dd hunakili hata nafasi tupu. Ikiwa mwendo ni megabaiti 100 kwa sekunde, diski ya gigabaiti 160 itachukua sekunde 1,600, yaani takriban dakika 27. Mwendo ukishuka hadi megabaiti 32 kwa sekunde, kama inavyotokea diski mpya inapounganishwa kwa waya wa USB 2.0, kazi itachukua sekunde 5,000, yaani zaidi ya saa moja na dakika 20. Pili, diski mpya itajifanya kuwa ndogo kama ile ya zamani hadi sehemu yake ipanuliwe katika jedwali, kisha mpangilio wa faili wenyewe upanuliwe kwa amri kama resize2fs. Ikiwa diski ilitumia jedwali jipya la GPT, ambalo huweka nakala yake ya akiba mwishoni mwa diski, nakala hiyo sasa itakuwa katikati, na ni lazima isogezwe hadi mwisho mpya. Tatu, diski zote mbili zitakuwa na kitambulisho kimoja, mithili ya watu wawili wenye hati moja ya kusafiria. Zikiachwa pamoja ndani ya kompyuta, hakuna ajuaye kwa yakini ni ipi itakayofunguliwa.

Njia ya pili ni kuandaa diski mpya kwanza, kisha kunakili faili pamoja na sifa zake zote, na mwisho kurekebisha vitambulisho na njia ya kuamka. Njia hii ina hatua nyingi zaidi, lakini hunakili vilivyomo tu, na huruhusu sehemu za diski mpya zipangwe kwa ukubwa unaotakiwa. Isitoshe, umeme ukikatika katikati ya kazi, amri ya kunakili inaweza kurudiwa nayo ikaendelea na faili zilizosalia. Kwa shule, njia hii ndiyo ifundishayo zaidi.

HATUA KWA HATUA

Kabla ya yote, faili zisizoweza kupatikana tena, kama vile alama na orodha za wanafunzi, hunakiliwa mahali pa tatu, nje ya diski zote mbili. Ikiwa diski ya zamani imeanza kutoa sauti ngeni au makosa ya kusoma, hatua hii haivumilii kuahirishwa hata kwa siku moja.

Kisha kompyuta huwashwa kwa kutumia flashi yenye Linux inayoweza kufanya kazi bila kuwekwa kwenye diski. Sababu yake ni kwamba mfumo unaofanya kazi haukai kimya: huandika kumbukumbu zake, hufungua faili na kuzifunga. Kuunakili katika hali hiyo ni kama kumpiga picha mtoto asiyetulia. Mfumo wa zamani ukiwa umelala, hata saraka kama /proc na /sys, ambazo wakati wa kazi hujazwa habari zisizokuwamo kwenye diski, huwa tupu na hazileti matatizo.

Hatua inayofuata ni kuzitambua diski. Amri ya lsblk huonyesha majina na ukubwa wa kila moja. Hapa ukubwa ndio shahidi mwema: yenye gigabaiti 149 hivi ni ya zamani, na yenye 931 ni mpya. Majina hayo huandikwa kwenye karatasi, na mtu wa pili huyasoma na kuyathibitisha kabla ya amri yoyote kutolewa.

Diski mpya hugawanywa. Jedwali la MBR hutumia namba za biti 32 kuhesabu sekta, kwa hiyo kwa sekta za baiti 512 haliwezi kuvuka terabaiti 2.2, kwa diski ya terabaiti 1 katika kompyuta ya zamani linatosha. Kwa diski kubwa zaidi, au kwa kompyuta ya UEFI, hutumika GPT. Baada ya hapo sehemu ya mfumo huandaliwa kwa mpangilio wa ext4. Yafaa mwalimu akumbuke kwamba mpangilio huo, kwa desturi, hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu, ili mfumo usikwame kabisa watumiaji wengine wanapoijaza diski. Katika diski ya gigabaiti 160 akiba hiyo ni gigabaiti 8.

Sasa sehemu ya zamani hufunguliwa kwa kusomwa tu, ili isiweze kuandikwa hata kwa bahati mbaya, na sehemu mpya hufunguliwa kwa kuandikwa. Ikiwa zimefunguliwa katika saraka za /mnt/kale na /mnt/mpya, mtumiaji mkuu hutoa amri hii:

rsync -aAXH --numeric-ids /mnt/kale/ /mnt/mpya/

Herufi a huamuru kwamba wenyewe, ruhusa, tarehe na viungo vya faili vihifadhiwe. A na X huchukua ruhusa na sifa za ziada. H hulinda faili zenye majina zaidi ya moja zisigeuke kuwa nakala mbalimbali. Mkwaju ulio mwishoni mwa /mnt/kale/ si pambo. Ukiachwa, faili zote zitawekwa ndani ya saraka mpya iitwayo kale, na mzizi wa mfumo utakuwa umehama mahali pake. Kazi ikimalizika, amri ile ile hurudiwa ikiwa imeongezwa herufi n, c na i: hapo kompyuta hainakili kitu, bali hulinganisha yaliyomo katika faili za pande zote mbili na kutaja zinazotofautiana. Ikikaa kimya bila kutaja hata moja, nakala ni sahihi.

Kinachobaki ni kurekebisha anwani na njia. Amri ya blkid huonyesha kitambulisho cha sehemu mpya, nacho huandikwa katika /etc/fstab ya diski mpya mahali pa kile cha zamani. Halafu saraka za /dev, /proc na /sys huunganishwa na diski mpya, na kwa amri ya chroot msimamizi huingia ndani yake kana kwamba ndio mzizi wa kompyuta. Akiwa humo hutumia grub-install kuweka programu ya kuanzia, na katika mifumo ya jamii ya Debian, kama vile Ubuntu, hutumia update-grub kuandika upya orodha ya mifumo inayoweza kuanzishwa. Kwa kompyuta ya UEFI, sehemu ile ndogo ya FAT hufunguliwa kwanza katika /boot/efi.

JARIBIO LENYE KUAMUA

Hapa ndipo wengi hupotea. Kompyuta huwashwa, kiwambo huonyesha sura ile ile ya kila siku, na kila mtu hufurahi. Lakini ikiwa diski ya zamani bado imo ndani, na kitambulisho chake kimesahauliwa mahali fulani katika diski mpya, basi yamkini kompyuta imeanza safari yake kwenye diski mpya na kuishia kwenye ya zamani bila kumwambia mtu. Msimamizi hudhani kwamba amehama, kumbe bado analala katika nyumba ile ile. Akiifuta diski ya zamani jioni hiyo ili aitumie kwa kazi nyingine, huwa ameifuta shule.

Jaribio la kweli, basi, ni moja tu: kompyuta izimwe, diski ya zamani itolewe waya zake kabisa, kisha kompyuta iwashwe. Kama kuna anwani iliyosahauliwa, itajitangaza yenyewe. Katika mifumo mingi ya sasa, kompyuta husubiri sekunde 90 ikiitafuta sehemu isiyokuwepo, halafu husimama na kumtaka msimamizi arekebishe. Hilo si janga. Ni onyo lililotolewa wakati ambapo diski ya zamani ingali salama mezani. Mfumo ukiamka bila tatizo, amri ya df huonyesha kama nafasi imeongezeka kweli, na kila mwalimu huombwa afungue faili zake mwenyewe na kuzikagua.

Hatari nyingine imo katika amri ya dd. Herufi if na of zikibadilishana nafasi, diski mpya iliyo tupu hunakiliwa juu ya ile yenye mali. Amri hiyo haiulizi swali wala haionyi. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, sekunde moja tu inatosha kufuta sekta ya kwanza, jedwali la sehemu na mwanzo wa mpangilio wa faili. Ndiyo maana majina yaliyoandikwa kwenye karatasi na kusomwa na watu wawili yana thamani kuliko ustadi wa mtu mmoja anayejiamini.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu anaweza kulifundisha somo hili bila kuhatarisha kompyuta yoyote yenye kazi za shule. Flashi mbili zisizo na kitu cha thamani zinatosha: moja ya gigabaiti 8 na nyingine ya gigabaiti 16. Kila moja huandaliwa kwa mpangilio wa ext4. Katika ile ndogo wanafunzi huweka faili chache zenye ruhusa mbalimbali, kisha huzihamishia katika kubwa mara mbili: kwanza kwa amri ya cp bila nyongeza yoyote isipokuwa -r, na mara ya pili, katika saraka nyingine, kwa rsync kama ilivyoonyeshwa. Amri ya ls -l huwaonyesha tofauti ya tarehe na wenyewe wa faili. Hatimaye hutumia blkid kusoma vitambulisho vya flashi zote mbili, na kueleza kwa nini havifanani.

HITIMISHO

Kuhamisha Linux hadi diski kubwa zaidi hakuhitaji vifaa vya gharama wala mtaalamu kutoka mbali. Kunahitaji kufahamu kwamba mfumo ni faili pamoja na sifa zake, vitambulisho vyake na njia yake ya kuamka. Na kunahitaji subira. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Diski ya zamani huandikwa tarehe, hufungwa na kuwekwa kabatini, nayo haifutwi mpaka diski mpya iwe imefanya kazi peke yake kwa majuma kadhaa na alama za muhula mmoja ziwe zimeandikwa na kusomwa humo bila kasoro.